Sahani Ndogo ya Kisegi

Jina langu ni Roselida, lakini katika ofisi yetu ya Homa Bay hata mlinzi wa lango aliniita Tomaso, yule mwanafunzi wa Yesu aliyetaka kwanza atie kidole kwenye kovu ndipo aamini. Sikulikataa jina hilo. Nimestaafu juzi tu, na ninyi mliobaki mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Nashuku mmeniomba ili niwe na shughuli, niache kuwapigia simu kila asubuhi kuuliza kama mizani imekaguliwa. Haya, nitaandika. Mizani mmeikagua?

Kazi yetu, kwa asiyeijua, ni kupima chakula cha watu: kiasi gani kimepakuliwa, kiasi gani kimebaki, nani amekula na nani amesema ameshiba kumbe anamwachia mtoto. Ni kazi inayoonekana rahisi mpaka uingie jikoni kwa mtu ukiwa na mizani mkononi. Siku yangu ya kwanza ilikuwa Migori, upande wa mpakani, kwa mama mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ameusonga ugali wake. Nilipoomba niuweke kwenye mizani alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Umetumwa na mama mkwe wangu?" akauliza.

Nikamwambia hapana, nimetumwa na utafiti.

"Na huo utafiti, mama mkwe wangu anaujua?"

Nilikula kiapo kwamba haujui. Hakuniamini, na mimi sikuamini kwamba ameniamini, basi tukaanza hivyo. Wiki nzima nilipima kwake. Nikapima kuku, nikapima ugali mkubwa, nikapima samaki wa kukaanga. Nikarudi ofisini nimejaa furaha kwa kazi nzuri niliyoifanya.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Mwita, Mkuria mrefu asiyependa maneno, ambaye kabla ya kupima sahani alikuwa akipima mashamba ya mahindi. Aliangalia vipimo vyangu, akacheka peke yake.

"Hawa watu wako harusini?" akauliza.

"Ndivyo wanavyokula, mzee. Nimepima mwenyewe."

"Ndivyo unavyokula wewe. Wamekupikia wewe. Uliza kuku wamebaki wangapi."

Kisha akanipa sheria yake, ambayo ninyi mnaicheka lakini bado mnaifuata. Alisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe usiamini kipimo chochote mpaka siku watakayokupa jembe." Nikarudi kwa yule mama. Nikakaa, nikapima, nikatupa vipimo. Kuku wakaisha, au wakapumzishwa. Asubuhi moja akanirushia mahindi kwenye ungo bila hata kunitazama, akasema, "Pukuchua hayo, naona umekaa tu." Siku hiyo kulikuwa na dagaa wa omena na ugali mdogo, watoto wakang'ang'ania ukoko wa sufuria. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu cha kwanza cha kweli. Nilipukuchua mahindi huku nikisikia raha ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo.

La pili alilonifunza Mwita lilikuwa kutochagua. Alisema ukitaka kujua kama mbolea inafanya kazi, usiiweke kwenye kona ya shamba ambayo tayari ina rutuba, na usiiweke pia kwenye kona mbovu kwa huruma. Piga kura, vipande vya shamba vigawanywe na kura, wewe kaa mbali. "Ukichagua mwenyewe," alisema, "mavuno yatakuonyesha moyo wako. Mbolea hutaiona." Mzee Mwita sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Maneno hayo nilikuja kuyaelewa barabara kule Kisegi.

Kisegi mnaipita mkienda kazini, lakini wengi wenu hamkuwepo wakati wa utafiti wa sahani. Daktari wetu, aliyekuwa kiongozi wa utafiti, alitaka kujua jambo moja. Watu wenye ugonjwa wa sukari tunawaambia kila siku wapunguze ugali, nao wanaitikia ndiyo, ndiyo, halafu wanakwenda kula. Je, ukimpa mtu sahani ndogo, mkono utapakua kidogo wenyewe? Wagonjwa wote wa kliniki ya sukari waliokubali wangepata dawa zilezile na mafundisho yaleyale. Lakini nusu wangepewa sahani ndogo ya bati, nyeupe yenye ukingo wa buluu, na nusu wangeendelea na sahani zao za nyumbani. Nani apate ipi? Hapo ndipo bahasha zilipoingia. Ndani ya kila bahasha kulikuwa na karatasi yenye neno moja, NDOGO au KAWAIDA, na bahasha zilichanganywa kabla hazijatoka Homa Bay. Mgonjwa akija, muuguzi anachukua bahasha iliyo juu na kuifungua mbele yake. Muuguzi hachagui, mgonjwa hachagui, wala Daktari. Mwishoni, watu wa sahani ndogo na wale wa sahani ya kawaida wawe sawa katika kila kitu, wanene kwa wembamba, wazima kwa wagonjwa sana, isipokuwa sahani.

Muuguzi wa Kisegi aliitwa Sista Benta. Watu walimsifu sana. Wazee walimsifu, akina mama walimsifu, hata wenye maduka ya dawa walimsifu. Mtu akisifiwa na kila mtu mimi hushika mkoba wangu vizuri.

Nilianza kuzunguka majumbani kupima. Katika boma la kwanza nilikuta sahani yetu ndogo ikiwa chini ya mti wa mlimao, kuku wanainywea maji. Nikadhani ni uzembe. Boma la pili, imefunika shimo la panya. La tatu, mwenyewe aliniambia imepotea, na alipokuwa akisema hivyo niliona ukingo wa buluu ukichungulia nyuma ya pipa la maji. Nikarudi nyumbani nikiwashuku wote. Niliwashuku wake za watu, kwamba wanaona haya kupakulia waume zao ugali mdogo. Nilimshuku mhudumu wa afya wa kijiji, kwamba amewaambia watu jambo. Nilimshuku hata msaidizi wa chifu, bila sababu maalum; msaidizi wa chifu huwa namshuku hivi hivi tu, kwa tahadhari.

Kisha nikafika kwa Odongo. Odongo alikuwa fundi wa viatu, anashona makubazi ya tairi kando ya mashine ya kusagia unga pale sokoni. Alikuwa na kidonda cha sukari kwenye mguu wa kulia, kikubwa, na kwa muda alikuwa ameacha kuja kliniki kukisafisha. Sista Benta alishamwambia waziwazi: kisiposafishwa, atapelekwa hospitali kubwa na mguu utakatwa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mguu umefungwa na kipande cha leso ya mkewe, na harufu ilinifikia kabla sijasema hodi. Sahani yetu ilikuwa ukutani, imetundikwa kwa msumari.

"Oyawore, baba," nikamwamkia. "Sahani mbona iko ukutani?"

"Nimeiweka pale niione vizuri," akasema. "Nyar Kasipul, kaa chini." Ndivyo alivyoniita, binti wa Kasipul, maana kwetu ni karibu na Oyugis. "Kaa tusidanganyane. Hii sahani yenu ndogo, nani wamepewa?"

"Yeyote aliyepata bahasha yake, baba. Ni bahati tu."

"Bahati!" Akamgeukia mkewe, Min Awino, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni. "Umesikia? Ati bahati." Kisha akaanza kunitajia. Mama fulani aliyepofuka macho, sahani ndogo. Mzee fulani aliyekatwa mguu, sahani ndogo. Jirani yake wa kule chini, amezikwa juzi, sahani yake imebaki. "Na Mwalimu Zablon je? Ule mtu mnene, anapanda kilima akiimba nyimbo za Sabato. Amepata sahani gani?"

"Ya kawaida."

"Eh! Ya kawaida. Nyar Kasipul, mimi ni fundi wa viatu, si mtoto. Nyinyi mumeshajua nani anaenda na nani anabaki. Mwenye anaenda mnampunguzia chakula. Nani anamaliza chumvi kwa ng'ombe anayekufa?"

"Na kidonda? Kwa nini hukuji kuoshwa?"

"Nikuje kuoshwa ndio nizikwe msafi?"

Min Awino aliacha mboga. Alilia bila sauti, ananitazama mimi, si mumewe. "Kila siku namwambia twende," akasema. "Ananiambia hata mimi nilijua."

Nilitaka kumbishia Odongo. Kinywa kilishafunguka. Lakini nilizikumbuka nyumba nilizozipita, yule wa kuku, yule wa shimo la panya, yule wa pipa, na nikaona kwamba hakuna hata mmoja aliyeinuka kunipokea. Wote walikuwa wamekaa au wamelala. Wale wa sahani za kawaida walinisindikiza mpaka barabarani. Wuololo! Maisha yangu yote nimewashuku watu. Siku hiyo mtu alinishuku mimi, na alikuwa na haki.

Kesho yake nilikwenda kituo cha afya nikasema nimekuja kukagua mizani. Nikakaa pembeni mwa chumba cha Sista Benta nikichezea skrubu. Jua lilikuwa limeingia dirishani vizuri. Akaja mama mmoja mzee, mpya kwenye utafiti, amekonda, anashikiliwa na mkwewe. Sista Benta akachukua bahasha iliyo juu, akageuka kidogo kuelekea dirishani, akaitazama, akairudisha chini kabisa ya zile nyingine. Akachukua ya pili, akaifungua. "Sahani ndogo, mama," akasema kwa upole, na yule mama akainamisha kichwa.

Walipotoka niliinuka, nikachukua bahasha mojawapo nikaiinua kwenye jua. Niliweza kusoma kila herufi.

"Sista," nikamwambia, "umefanya hivi tangu lini?"

Hakujifanya haelewi. "Madam, wewe umemwona huyo mama? Umemwona alivyo? Nimwache na sahani kubwa afe?"

"Nani amekuambia sahani ndogo inaponya?"

"Si ndiyo maana mmeileta?"

Nilikuwa nimekuja na hasira yangu nzima, nimeibeba tangu asubuhi, na swali hilo likaipunguza nusu. Nikamwambia, "Tungejua inaponya, Sista, tungeleta ya kila mtu. Tumeileta kwa sababu hatujui. Labda inasaidia, labda haisaidii, labda inadhuru. Wewe umewapa sahani ndogo wagonjwa mahututi wote, sasa wakifa tutasema sahani imewaua. Na watu wameshasema."

"Wamesema nini?"

Nikamweleza habari ya Odongo, msumari ukutani na mengine yote. Sista Benta alikaa kwenye kiti cha wagonjwa akafunika uso kwa mikono miwili. "Nilimchagulia kwa sababu ya ule mguu," akasema. "Nilitaka apone." Alilia sana. Mimi nilisimama pale na bahasha yangu nikimhurumia na kumkasirikia kwa pamoja, nisijue nianze na lipi. Mwivi nimewahi kumshika katika kazi hii, na mwongo pia, na hao wana dawa yao. Lakini mtu anayekuharibia kazi kwa wema, huyo utamwambia nini? Tangu siku hiyo nawaogopa wenye huruma kuliko wavivu, na nawasihi ninyi muwaogope hivyo hivyo. Wapendeni, lakini bahasha msiwaachie.

Nilimpigia Daktari simu nikitarajia ataniambia tuyafunike. Nilishaandaa maneno makali. Ikawa nimemshuku bure. Alisema, "Bahasha ni zangu. Nilinunua nyepesi." Akaamua Kisegi yote ianze upya, kura mpya, na kila mgonjwa aulizwe tena kama bado anataka. Benta abaki kuwauguza watu, asiguse kura. Bahasha mpya zingekuja nene, na ndani karatasi ya kung'aa ile ya pakiti za sigara.

"Zitasaidia ofisini," nikamwambia. "Kisegi hakuna mtu ataamini bahasha tena, hata ukiifunga kwa bati."

Aliyetupa njia ni Min Awino. Nilirudi kwao kumweleza mumewe yote, bila kumficha lolote. Odongo alisikiliza akiangalia mguu wake. Kisha mkewe akasema, "Mbona hamfanyi kama chama?" Mnavijua vyama vya akina mama, jinsi wanavyopiga kura ya nani atangulie kupokea michango ya mwezi. Karatasi zinakunjwa sawasawa, zinatiwa kwenye beseni, beseni linafunikwa leso, linatikiswa na mtu asiye mwanachama. Anayechukua anakunja mkono wa nguo mpaka kwenye kiwiko, asije akawa ameficha kitu. Nilikuwa mwanachama wa chama Oyugis miaka mingi, na haikunijia kabisa kwamba ugawaji wa nasibu ambao Daktari alikuwa akiuchora ubaoni kwa mishale ndio huo huo tuliokuwa tukigombania kila mwisho wa mwezi.

Tukafanya kwenye nyasi za kituo cha afya, asubuhi, watu wote wakiwepo. Karatasi zikakunjwa mbele yao, za NDOGO na za KAWAIDA, idadi sawa. Aliyetikisa beseni alikuwa mwanamke kutoka kisiwa cha Mfangano aliyekuwa amekuja sokoni kuuza samaki, hamjui mtu. Wazee wakatangulia, maana pale huwezi kumwambia kijana atie mkono kabla ya mzee. Yule mama mzee aliyekonda alichukua, akapata KAWAIDA. Watu wakanong'ona. Mwalimu Zablon, mzima kama fahali, akakunja mkono wa shati, akafumba macho kama anaomba, akachukua NDOGO.

"Uwi!" watu wakapiga kelele. Mwalimu akapewa sahani yake ndogo, akaiweka kichwani kama kofia, watu wakacheka mpaka wagonjwa wakashika mbavu.

Odongo alikuja na fimbo, mkewe ameshika mkono wa pili. Hakuchukua kwanza. Aliinua beseni akaangalia chini yake. Akaitoa leso akaikung'uta. Akamuuliza yule mwanamke wa Mfangano ni wa nani, ameolewa wapi, na kwa nini ameacha samaki wake. Nilimpenda sana saa hiyo. Ningekuwa mimi ningeuliza hayo hayo. Ndipo akakunja mkono wa shati, akauzamisha kwenye karatasi, akazungusha, akatoa. Alimpa mkewe afungue.

NDOGO.

Hakuna aliyecheka. Min Awino alibaki ameishika karatasi. Sista Benta, aliyekuwa mbali ukutani kama tulivyomwambia, alishika mdomo. Odongo aliichukua ile karatasi, akaisoma mwenyewe, akamtazama Mwalimu Zablon aliyekuwa bado na sahani kichwani.

"Mwalimu," akasema, "kumbe tunazikwa pamoja?"

"Omera, ndugu yangu, mimi kesho niko shamba!" Mwalimu akajibu, na watu wakaangua kicheko tena.

Odongo aliikunja tena ile karatasi. "Hii nimetoa mimi," akasema, kama anajiambia. "Mkono ni wangu." Kisha akainua sauti, "Sista! Hiki kidonda bado unaweza kuosha, ama umechelewa nacho?"

Benta alikuja mbio. Alimkalisha palepale kwenye benchi, akapiga magoti kwenye nyasi, akaanza kufungua ile leso ya mguuni pole pole.

Odongo alikuja kliniki kila alipoambiwa aje. Kidonda kilichukua muda mrefu, kikatisha tamaa, kikarudi nyuma, kikafunga. Mguu haukukatwa. Na sahani? Utafiti ulipoisha ilionekana haikufanya jambo la kujivunia. Sahani ilikuwa ndogo, lakini wake za watu waliona aibu, wakapandisha ugali juu kama kichuguu, na mwenyewe akimaliza wakamwongezea. Nilishayapima hayo kwa mizani yangu mwenyewe. Daktari alihuzunika. Mimi sikuhuzunika hata kidogo. Lilikuwa jibu safi, halina mkono wa mtu ndani.

Siku hizi kura inapigwa na tableti. Unabonyeza, inatoa jina la kundi, hakuna bahasha ya kuinua juani, na hilo ni jema. Lakini nawaambia, mtu asipoiona kura ikipigwa ataitunga yake mwenyewe, na ile yake ndiyo atakayoiamini. Waonyesheni. Chukueni muda.

Wiki iliyopita nikiwa hapa nyumbani niliona mtu anapanda njia taratibu. Alikuwa Odongo, amesafiri kutoka Kisegi, amenishonea makubazi ya kustaafia. Niliyageuza nikaangalia soli, nikavuta mikanda, akacheka. Tukanywa chai. Alipomaliza alisogeza kigoda karibu, akateremsha sauti ingawa tulikuwa wawili tu.

"Nyar Kasipul, sasa umeacha kazi. Hakuna mtu atakufukuza. Niambie ukweli. Ile siku ya beseni, nani alipanga nipate ile sahani ikanisaidia mguu?"

"Sahani haikukusaidia, baba. Ulisaidiwa na kuoshwa."

"Sawa. Lakini nani alipanga?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna?"

"Hakuna, Odongo. Haki ya Mungu, hakuna."

Akanitazama vile vile ninavyowatazama watu, kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Haya," akasema, "endelea kuficha tu." Akanishukuru kwa chai, akainuka, akashuka njia kwa miguu yake miwili, na fimbo akaisahau mlangoni kwangu.